Mshipa wa Chemchemi

Mafundi vioo wenzake walimwita binti huyu Chemchemi, kwa sababu viganja vyake vilitoa jasho hata asubuhi ya baridi, hata akiwa amekaa zake anakunywa chai. Shuleni karatasi zililowa mikononi mwake na mwalimu akadhani ni woga wa mtu anayeibia mtihani. Aliona aibu miaka mingi. Kisha aibu yenyewe ikamchosha, akavaa glavu mbili, za kitambaa ndani na za mpira nje, akawa fundi asiyewahi kuangusha kioo.

Shangazi yake ndiye aliyemkokota kwa daktari. Daktari, mama asiyependa maneno mengi, akamwambia huo si woga. Kuna seli za neva, alisema, zimejipanga kandokando ya uti wa mgongo, na hazingoji ruhusa ya mtu. Zinaukimbiza moyo, zinatanua mboni za macho, zinabana mishipa ya damu ili usizimie ukisimama ghafla, na zinaamsha jasho.

"Zako zinazokwenda viganjani zina kiherehere," akamaliza. "Tunaweza kuzikata, ila jasho huenda likahamia mgongoni."

"Ziache. Hili la viganjani nimeshalizoea."

Aliyeharibu mambo ni shangazi. Msimamizi wa mafundi, ambaye ni jirani yake, alimuuliza binti ana nini, naye akajibu kwa mkato, "Ni mshipa tu." Alimaanisha mshipa wa fahamu, yaani neva. Lakini ukisema fulani ana mshipa, watu wanaelewa ule uvimbe wa kinena unaowapata wanaume wabeba mizigo. Kesho yake karakana nzima ilikuwa haina mbavu.

"Chemchemi ana mshipa! Pole, mzee wetu!"

Msimamizi hakucheka. Alimtoa kwenye vioo vya ghorofa ya nne, kazi aliyoisubiri mwaka mzima, akampa kitambaa afute madirisha ya chini.

"Mkuu, mshipa wangu ni wa fahamu. Unatoa jasho, basi."

"Hilo ndilo baya zaidi. Jasho ni woga, na mwoga hapandi."

Damu ikamchemka, na kama yako isingechemka, wewe si mzima. Akakitupa kile kitambaa.

"Tupande wote. Wewe shika upande huu wa kioo, mimi ule. Atakayeachia asipande tena."

Vijana wakamgeukia msimamizi wasikie atasema nini. Alikuwa na miaka hajapanda, lakini angekataaje mbele ya watu wake?

Huko juu upepo ulikisukuma kioo kama mtu anayetaka kupita. Chemchemi alimtazama mkuu wake kupitia kioo hicho hicho. Mboni zilikuwa zimemtanuka, na jasho limemjaa juu ya mdomo. Chemchemi hakumcheka, ila hakuwa tayari kumwachia hivi hivi.

"Moyo unakwenda mbio, mkuu?"

"Unakwenda."

"Umeuamuru wewe?"

"Mimi? Ningeuamuru utulie!"

"Na kioo, umekiachia?"

"Sijakiachia."

"Na mimi sijakiachia, na viganja vyangu vimelowa tangu nizaliwe. Usiniite mwoga tena. Haya, sogeza kushoto kidogo."

Akasogeza.