Timazi ya Mzee Shiundu

Nakumbuka siku moja huko Thika, na waliokuwepo nitawataja wote: mimi, dadangu Wambui, ambaye wewe unamwita shangazi, Mzee Shiundu, fundi wa mawe aliyetoka Magharibi mwa Kenya, mafundi wake, na nyapara wao. Basi.

Umeniambia, mwanangu, kwamba huko Ruiru wanajenga ghorofa karibu na dirisha lako, na umewachukia mafundi wote hata sura zao hujazijua. Keti kidogo.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule, nikaenda kufagia kiwandani ili Wambui asome. Tulikuwa na chumba kimoja nyuma ya soko. Mtihani wake ulikuwa umekaribia, na akianguka shule ingemwishia, na ile niliyoiacha mimi ingekuwa imepotea bure. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Serikali ya mkoloni ilikataza kutembea usiku, giza likiingia kila mtu alikuwa ndani, na mafuta ya taa tulikuwa nayo kidogo. Alisoma jioni kabla jua halijazama. Na saa hizohizo, hatua kumi kutoka mlangoni, mafundi waliokuwa wakijenga nyumba ndefu ya mawe walichonga mawe ya kesho. Ngo, ngo, ngo. Wambui alisoma akitikisa kichwa kama mbuzi mwenye kupe sikioni. Nilicheka, mpaka nilipoona machozi.

Hasira hasara, lakini nani wa kuniambia? Alfajiri moja niliruka ua, nikachukua timazi ya Mzee Shiundu, ule uzi wenye kichuma wa kupimia kama ukuta umesimama wima. Nikaificha chini ya kitanda. Nilidhani bila timazi kazi ingelala. Kumbe ukuta ulilala, nyundo hazikulala. Kwa kuwa hakukuwa na kujenga, mafundi wote waliketi kuchonga mawe kutwa nzima. Niliporudi kutoka kiwandani kelele zilikuwa mara tatu, na Wambui amefunga kitabu.

Nyapara alikuwa akiuliza timazi iko wapi. Mzee Shiundu alitazama ua, akaona alama za nyayo zangu kwenye matope, akanitazama mimi mlangoni. Kisha akamjibu, "Nimeipoteza mimi, bwana. Ni uzee." Nyapara akamwita mzembe, mbele ya mafundi aliowafunza kazi Mzee mwenyewe.

Nyapara alipoondoka niliipeleka, kichwa chini.

"Naona timazi ilikwenda kutembelea majirani," akasema Mzee, akiipokea. "Mlimpa uji angalau?"

Nikamweleza habari za Wambui na mtihani. Akasema, "Kijana wangu, miezi miwili unatusikia, na hujatusalimia hata siku moja. Ningejuaje kuna mtoto anasoma?"

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mama yangu alikuwa kaburini. Ulimwengu ulinijia umeshika nyundo. Tangu siku hiyo mawe ya jioni yalibebwa hadi upande wa pili wa kiwanja, na Wambui akawa hapiti bila kuwasalimu. Mtihani aliupita. Nyundo zilisikika bado, lakini sasa zilikuwa nyundo za watu tunaowajua, na kelele za mtu umjuaye hazipasui kichwa.

Kwa hiyo, mwanangu, kesho shuka. Usianze na lawama, anza na habari za asubuhi. Uliza majina yao. Ndipo useme shida yako. Mungu akupe jirani mwenye subira kuliko wewe, na akupe ulimi unaotangulia hasira yako.

Mimi nilikusudia kumwendea nyapara nimwambie ukweli. Nikasema kesho, kisha kesho kutwa. Nyumba ikaisha, wakahama, na Mzee Shiundu akaondoka na jina la uzembe lililokuwa langu. Ukikutana na mtoto au mjukuu wake kwenye mijengo hiyo, mwambie mzee wao hakupoteza timazi. Deni hilo sijalilipa.