Cheki Iliyokwenda Pasaka

Usiku wa Jumatatu ya Pasaka, Mwanne hakulala. Simu aliiweka katikati ya mto, na kichwa chake akakitafutia nafasi pembeni. Alikuwa anangoja ujumbe wa benki, mstari mmoja tu wa kumwambia kwamba pesa ya cheki yake imeingia. Isipoingia kabla ya saa mbili asubuhi, Mzee Ansbert, mwenye nyumba, angetia kufuli lake kwenye fremu ya duka, Mtaa wa Sikukuu, ambako Mwanne ameshona na kuuza mapazia miaka kumi na moja. Kodi ya miezi sita ilikuwa milioni mbili na laki nne, na tayari muuza makava ya simu alishapita mara mbili akipima ukuta kwa hatua.

Saa sita simu ikalia. Mwanne akaidaka. Ulikuwa ujumbe wa mtu asiyemjua: ile hela itume kwenye namba hii.

"Hela ipi, mshenzi wewe?" akaiuliza simu.

Saa nane ikalia tena. Kampuni ya kubahatisha ilimpongeza, kwamba leo ndiyo siku yake.

Husna, binti yake, akajigeuza kitandani. "Mama, benki hawatumi meseji usiku huu. Wamelala."

"Wao wamelala, cheki nayo imelala. Zamu nimebaki nayo mimi."

Kusema kweli, hiyo ilikuwa cheki ya pili. Ya kwanza aliiua mwenyewe, kwa kuipenda mno.

Chuo kimoja cha mambo ya hoteli kilimpa kazi ya mapazia ya bweni zima. Kilipomaliza kusifia mishono, kikamlipa kwa cheki ya milioni tatu na laki sita. Mwanne hakuwa amewahi kushika karatasi ya thamani hiyo. Masika yalikuwa yamekolea, Jangwani maji yamefunga barabara, na nyumbani kwake bati linavujia juu ya kabati kana kwamba limeonyeshwa mahali. Sasa, Kariakoo kila mtu anajua karatasi ya maana inavyotunzwa. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, hati ya kiwanja, vyote hupelekwa stesheneri vikapigwa laminesheni, vikawekwa ndani ya plastiki ngumu isiyopitisha maji. Hata mkataba wa fremu Mzee Ansbert alimkabidhi unang'aa kama sahani, akisema, "Karatasi ya maana, Mama Husna, haiachwi uchi." Basi Mwanne akaingia kwa Badria, jirani yake wa stesheneri, akatoa shilingi elfu moja, akaivisha cheki yake nguo.

Benki, binti wa dirishani aliipokea kwa vidole viwili. Kibandiko cha kifuani kilisema anaitwa Brightness. Akajaribu kuipinda, ikagoma. Akaigonga muhuri, wino ukateleza ukamchafua kidole.

"Mama, hii umeifanyaje?"

"Nimeitunza."

"Umeitunza mpaka imekufa. Mashine haiisomi, muhuri haushiki. Rudi walikokupa wakuandikie nyingine."

Foleni nzima ikacheka. Mwanne naye angecheka, kama ingekuwa ya mwenzake. Alitoka pale akaapa kwamba habari hiyo haitaingia Mtaa wa Sikukuu. Hata Badria hakumwambia.

Kuandikiwa nyingine kukawa safari. Cheki ya chuo inataka sahihi mbili, na mwenye sahihi ya pili anakaa Kigamboni, ana mafua. Mwanne akavuka Magogoni kwa pantoni Jumatano, akaambiwa mgonjwa ametoka. Akavuka tena Alhamisi, akamkuta anakula pweza. Sahihi yenyewe haikuchukua muda wa kupiga chafya. Saa tisa alasiri alikuwa mbele ya Brightness, cheki ikiwa uchi kama ilivyozaliwa.

"Itaiva lini, mwanangu?"

"Siku moja mpaka tatu za kazi, Mama. Ila muda wa cheki za leo umekwisha saa nane. Tunahesabu kuanzia siku ya kazi inayofuata."

"Kesho."

"Kesho Ijumaa Kuu."

"Keshokutwa, basi."

"Jumamosi cheki hazipiti."

"Jumapili siulizi. Jumatatu?"

"Jumatatu ya Pasaka."

Mwanne, ambaye siku hizo zote nne angekuwa amekaa kwenye cherehani, akamtazama vizuri. "Mimi Muislamu, Brightness. Ni cheki yangu ndiyo inakwenda kusali?"

Binti akacheka kidogo, kisha akakumbuka yuko kazini. Mwanne akamwonyesha dirisha. Benki ya chuo ilikuwa ng'ambo ya barabara, mlinzi wake anaonekana akipiga miayo.

"Si ile pale? Nipe niivushe mwenyewe. Dakika mbili, na bajaji nikizisubiri."

"Karatasi haivuki, Mama. Tunapeleka picha yake tu, kwa kompyuta."

"Picha? Husna anamtumia shangazi yake picha Tandahimba, chai haijapoa shangazi ameshazicheka."

"Picha ya cheki ina taratibu zake."

Kwa hiyo picha ikapumzika siku nne kwa taratibu zake, na Jumanne kukakucha bila ujumbe.

Saa mbili kamili Mzee Ansbert alikuwa mlangoni na kufuli jipya, lebo ya bei bado ikining'inia.

"Shikamoo, Mzee Ansbert. Pesa iko njiani."

"Marahaba. Mimi ndiyo nimeshafika." Akabana kufuli, akalivuta mara mbili. "Na ukija, uje na cheki ya benki. Hela ya mkononi ina vibaka, ya simu ina makato. Mimi ni mtu wa benki."

Ndani zilibaki cherehani mbili na mapazia ya watu. Mwanne akakaa kibarazani kwa Badria, simu mapajani, akiulinda mlango uliofungwa.

Saa tano kasoro, ujumbe ukaingia. Aliusoma mara tatu kuhakikisha si kampuni ya kubahatisha, kisha akakimbia. Brightness akamkata pesa ya kodi kwenye akaunti na kumwandalia cheki ya benki kwa jina la Mzee Ansbert. "Hii usiitunze, Mama," akamwambia.

Kibarazani kwa Badria, Mzee Ansbert aliisoma mbele, akaisoma nyuma, akainyanyua kwenye mwanga. "Safi. Ikiiva, nakuja kufungua."

"Baba, hiyo pesa imeshatoka kwangu! Benki yenyewe ndiyo inakulipa."

"Na siku za kazi je?"

Mwanne akanyoosha kidole kwenye kufuli. Mvua nayo ikaanza. Mzee Ansbert akatazama mawingu, akaitazama cheki kama mtu aliyebeba kichanga. "Nitaipeleka kesho, isije ikanyeshewa," akasema, akaingia kwa Badria, ambako mashine ya laminesheni ilikuwa tayari ya moto.

Mwanne akamwona akiilaza cheki kwenye plastiki, akilinganisha pembe kwa upole. Kumbe mtu wa benki hajawahi kuipeleka cheki benki! Alitamani kunyamaza. Foleni ile ingemcheka vizuri kuliko ilivyomcheka yeye. Lakini cheki ikifa, kufuli halitoki.

"Badria, usiiingize!"

Mzee Ansbert akageuka. "Kuna nini?"

"Fungua mlango kwanza."

"Nakuuliza kuna nini, unanijibu mlango?"

"Nina neno la milioni mbili na laki nne. Mwenyewe nimelinunua wiki iliyopita, na silitoi bure."

"Mzee, niingize au nisiingize?" Badria akauliza. "Umeme wa Luku yangu unaliwa."

Mzee Ansbert akautazama mdomo wa mashine, akamtazama Mwanne, ambaye hata kope hakupepesa. Akaichomoa cheki kwenye plastiki. Akatembea polepole mpaka kwenye fremu, akatoa ufunguo, akafungua kufuli, akauinua mlango wa chuma hadi usawa wa magoti.

"Haya, sema."

"Mpaka juu," akasema Mwanne.

Mlango ukapanda, ukilia, mpaka juu.