Sijambo, Ila

Fedha za serikali zilipotoka, halmashauri ilinunua simu za kitochi kwa ajili ya wazee wanaoishi peke yao vijijini, pamoja na mfumo wa kompyuta wa kuwapigia kila Jumatatu asubuhi. Mzee anapokea, anasikia sauti iliyorekodiwa, anabonyeza tarakimu. Moja ni mzima, mbili anaumwa. Akibonyeza mbili, mhudumu wa afya wa kijiji anatumiwa ujumbe amfuate nyumbani. Mimi ni ofisa ustawi wa jamii hapa Mtwara, na kazi ya kuandika maneno hayo ilinifikia mimi.

Mtaalamu wa mfumo, aliyetoka Dodoma, alitaka sauti iende moja kwa moja kwenye swali. Nilikataa. Nilimwambia labda kwao wazee wanaulizwa magonjwa kabla ya kuamkiwa, lakini kwetu mtu wa namna hiyo huonekana hakufunzwa. Akacheka, akaniachia. Nikaandika: Shikamoo. Hujambo? Kama hujambo, bonyeza moja. Kama unaumwa, bonyeza mbili. Msomaji hakupatikana, nikasoma mwenyewe, nimejifungia stoo na kujifunika shuka ili kelele za bodaboda zisiingie. Siku hiyo nilijiona nimefanya jambo la maana, sifichi.

Mama yangu anaishi Kitaya, analima mpunga bondeni karibu na mto. Ana kisukari. Nilimwandikisha kabla ya wazee wengine wote wa kijiji chake. Kila Jumatatu mchana nilifungua orodha, nikaona moja mbele ya jina lake, nikaendelea na shughuli nyingine. Zamani nilikuwa nampigia karibu kila siku. Mfumo ulipoanza nikapunguza, maana jibu lake lilikuwa tayari mezani kwangu.

Wiki ya sita jirani yake alinipigia akaniambia nije nimchukue mama, mguu unanuka. Nilimkuta kitandani, mguu umefungwa kipande cha khanga. Alikuwa amechomwa na kisiki bondeni, mwezi mmoja na siku kadhaa nyuma. Hospitali walimkata vidole viwili. Daktari alisema angeletwa mapema, ingekuwa kazi ya kusafisha kidonda na kufunga bandeji tu.

Sikulia. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake. Siku ya tatu wodini nikamuuliza kwa nini alibonyeza moja kila wiki na mguu uko vile. Alinitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto.

"Umeniamkia, ukaniuliza hujambo. Ulitaka nijibu nini? Nikabonyeza sijambo. Halafu ndiyo nikakueleza mguu."

Nikamuuliza alimweleza nani.

"Wewe. Najua ni mashine, mwanangu, lakini sauti si yako? Kila Jumatatu nilikueleza. Hukujibu, nikasema una kazi nyingi."

Hakuna mtu wa kwetu anayejibu hujambo kwa ugonjwa. Hata aliye hoi kitandani husema hajambo kwanza, kisha huongeza neno moja, ila, na baada ya hapo ndipo habari yenyewe hutoka. Hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni, na nilikuwa nimegombana na yule mgeni wa Dodoma kwa ajili ya salamu. Kisha nikaandika maneno yanayoishia kwenye sijambo. Mzee akibonyeza moja, sauti yangu inamshukuru na simu inakatika. Mama alinieleza kidonda chake kwa majuma matano, na simu ilikuwa imekwisha kukatika.

Niliwaomba wahudumu wa vijiji wawatembelee wote waliobonyeza moja. Baadhi yao walikutwa wagonjwa. Nikarudi stoo na shuka langu, nikarekodi upya: salamu peke yake kwanza, bila tarakimu, kisha kimya kidogo, kisha swali la ugonjwa. Yule mtaalamu aliyabadilisha maneno kwenye mfumo bila kunitania. Heri angenitania.

Mama amerudi Kitaya, anatembea kwa fimbo. Mashine bado inampigia asubuhi, na mimi nampigia jioni. Namwamkia, ananiitikia. Namuuliza hujambo, anasema hajambo. Hapo nanyamaza, simu sikioni, namsubiri aseme ila.