Kikohozi Nilichokikata

Kosa langu la mwanzo katika kazi ya video ni kwamba nilimkata mzee mmoja kikohozi chake, nikadhani nimemtendea wema. Binti yake alivunjwa mkono kwa sababu hiyo. Bado namwona siku za gulio Omurushaka. Ananisalimia vizuri, na mimi huangalia kiwiko chake.

Hakuna aliyenifundisha kazi. Nilikuwa mwasha jenereta kwenye banda la video, na nilichojua juu ya kuunganisha picha nilikiokota kwenye mikanda ya ngumi tuliyoonesha kila jioni. Niliitazama mpaka nikaacha kuona ngumi, nikawa naona mahali picha ilipokatwa. Mguu unainuka hapa, meno yanamwagika kule, katikati hakuna kitu. Hakuna anayetua, hakuna anayevuta pumzi. Nikaamini huo ndio ustadi wenyewe.

Mwenye banda alikuwa na kamera kubwa ya kubeba begani na deki mbili. Moja ilicheza kanda, nyingine ilirekodi, nami nilikaa katikati, kidole juu ya kitufe. Nilirudia kiungo kimoja mpaka zile chenga, mvua ya vidoa vyeupe kati ya picha na picha, zipotee. Zisipopotea nililia. Nasema kweli, nililia, na ndevu zilikuwa zimeshaanza kuota. Harusi za watu zilitoka mikononi mwangu safi kama sahani. Na kwa kuwa kanda zilikuwa adimu, kanda ya awali niliirekodia kazi nyingine juu yake.

Dada mmoja kutoka Kamuli alinifuata bandani. Alikuwa amemkimbia mume, akarudi kwao, na sasa alikuwa akimuuguza baba yake, tata kama tunavyosema kwetu.

"Wewe ndiye wa kamera?"

"Ndiyo, dada."

"Tata anataka kusema jambo la kibanja. Akilisema hivihivi, siku akifa watalimeza na rubisi ya matanga. Na kaka yangu ana mkono mwepesi."

"Mwepesi vipi?"

Alisogeza kitambaa cha kichwa, nikaona kovu juu ya sikio. "Hivi," akasema.

Nilimkuta mzee ameketi mbele ya nyumba, blanketi magotini. Nyuma yake kibanja chake, migomba na mibuni, kiliteremka hadi bondeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hiyo bunduki yako inauma?"

"Haiumi, mzee."

"Basi piga."

Alitaka kusema jambo moja tu: sehemu ya chini ya kibanja, kuanzia kwenye milamula, ile mimea ya mpaka, iwe ya binti yake, na mtu asimfukuze. Lakini kila baada ya maneno machache kikohozi kilimvamia. Kilimpiga kana kwamba mtu amefungiwa kifuani mwake na anatafuta mlango kwa mateke. Mate yenye damu yalimtoka, binti akamfuta, akaendelea.

Katikati ya hayo kaka mkubwa alitoka ndani na maji katika kikombe cha bati kilichokatika mkono. Alipita mbele ya kamera, mgongo wake ukajaza picha yote, giza tupu. Nikamsikia akisema, "Nimesikia, tata. Iwe hivyo." Kisha akarudi ndani. Mimi nilikuwa nasonya moyoni. Alikuwa amenichafulia picha.

Bandani nilimchinja yule mzee. Sina neno jingine. Nilikata kikohozi kimoja kimoja, nikakata kunyamaza kwake, nikakata damu na kitambaa cha kuifutia. Mgongo wa kaka niliutupa pamoja na sauti yake. Nilipomaliza, mzee alisema wosia wake kwa mkupuo kama mtangazaji wa redio, na viungo havikuonesha chenga hata moja. Nilijiona fundi. Kanda ya awali nikaenda nayo kwenye kipaimara Nyakatuntu, nikaifuta.

Mzee alikufa. Siku ya kumaliza matanga nilibeba runinga, deki na jenereta hadi Kamuli. Ukoo mzima ulikaa uani, rubisi, pombe ya ndizi, ikizunguka. Nilipowasha, mzee akatokea, na watoto wakapiga kelele. Akasema maneno yake yote. Nami, kwa aibu yangu, nilikuwa nangojea sifa.

Shangazi yao, dada wa marehemu, ndiye aliyesimama.

"Mawe, mama yangu! Huyu si ndugu yangu. Ndugu yangu hakuweza kuomba hata maji bila kukohoa. Kikohozi kimekwenda wapi?"

"Tazameni mkono!" mwingine akapayuka. "Ulikuwa gotini, sasa uko kidevuni! Umeruka!"

"Ni uchawi."

"Uchawi gani," kaka akasema, na alikuwa anacheka. "Ni huyu kijana na bibi yake huyu. Wamempikia baba maneno kwa mashine. Mimi mwenyewe nyumbani sikuwepo siku hiyo, nilikuwa mnadani. Unalipwa kwa nini, fundi? Kwa ndizi au kwa kitanda?"

Wanaume wakacheka naye. Dada akamwambia, "Kaka, ulisema mwenyewe iwe hivyo." Kicheko kikamtoka usoni. Akachomoa muhoro uliokuwa umechomekwa kwenye paa la jiko, ule mundu wa kupunguzia migomba, akavuka milamula.

Aliangusha mgomba wenye mkungu mchanga. Kisha mwingine. Utomvu ulimrukia usoni na kifuani. Kwetu hivyo ni sawa na kumkata mtu miguu mbele ya watoto wake, na hakuna aliyeinuka. Dada alikimbia akakumbatia shina la mgomba uliofuata. Kaka akageuza muhoro, akampiga kiwikoni kwa mgongo wa chuma. Mfupa ulilia kama kuni kavu.

Nimekwisha kusema nilivyojifunza kwenye mikanda ya ngumi. Huko pigo hufuata pigo. Pale Kamuli, kati ya pigo na pigo kulikuwa na muda mrefu sana. Alivuta pumzi. Alijifuta utomvu machoni. Alichagua pa kupiga, na alichagua palepale. Katika muda wote huo mtu angeweza kuinuka akamzuia. Mimi nilikuwa nimekumbatia deki isimwagikiwe rubisi.

Alipomaliza naye alinijia mimi. Deki ilipasuka juu ya kichwa changu, na teke lilinipata mdomoni. Hapo ndipo wanaume walipomshika.

Kikao cha ukoo kilikaa mkono wa dada ukiwa bado kwenye vibao. Mkubwa wa ukoo, mzee mwembamba mwenye sauti ndogo, aliniita mbele. Midomo yangu ilikuwa imevimba, nilizungumza kwa shida.

"Kanda yenyewe iko wapi?"

"Niliifuta, mzee."

"Uliikata?"

"Niliikata."

"Sasa wewe uliyemkata baba yao, tukuamini kwa lipi?"

Nilikuwa na kitu kimoja tu: nilikumbuka nilichokitupa. Nilichokibakiza nimekisahau hadi leo, lakini vile vipande vilivyonichafulia kazi ninavyo vyote. Nikaeleza kila kikohozi kilikuja baada ya neno gani. Nikaeleza damu na kitambaa. Nikaeleza kikombe cha bati kilichokatika mkono, shati la kaka lililochanika begani, na maneno aliyosema akiwa amenipa mgongo.

Shangazi alikuwa akilia. "Hivyo ndivyo alivyokohoa," akasema. "Hivyo hasa."

Mkubwa wa ukoo akamgeukia kaka. "Ulisema, au hukusema?"

Kaka akanyamaza. Nilizoea kukata vitu kama hivyo, na kidole changu kilitafuta kitufe. Hakikuwepo. Ilibidi nikae ndani ya ukimya ule pamoja nao wote, jasho likinitiririka, nikimwona akitazama mkono wa dada yake, kisha vidole vyake mwenyewe, ambavyo utomvu ulikuwa umevitia weusi usiotoka kwa sabuni.

"Maji nilimpa," akasema mwishowe. "Nani angemnyima baba yake maji?"

"Kwa hiyo mnadani hukwenda," mkubwa wa ukoo akasema.

Hapo kikao kikaamua. Dada alipewa sehemu ya chini, chini ya milamula, migomba yake ikiwa imelala. Alianza na machipukizi, akilima kwa mkono mmoja. Mkono ule mwingine uliungana vibaya, haunyooki.

Siku hizi nafanyia kazi nakala tu. Kanda ya awali naivunja kile kidude cha plastiki cha ubavuni kabla sijatoka uani kwa mtu, isirekodiwe tena, na nikishatoa nakala namrudishia mwenyewe. Na mtu akikohoa, namwacha akohoe.