Gavana Niliyemlaza Kwenye Nyumba ya Mawe

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka hata leo nacheka peke yangu jikoni. Nilikuwa mwalimu mgeni huku Kalimoni, msichana wa miaka ishirini na mitatu. Shule yetu ilikuwa ndani ya shamba la zamani la kahawa, na pembeni mwa uwanja ilibaki nyumba ndogo ya mawe, mabati yake yameota kutu. Kamati ya shule ilishakata shauri kuibomoa ili mawe yajenge lango jipya.

Siku ya wazazi, mwalimu mkuu aliniambia niwatembeze wageni na kuwaeleza historia ya mahali pale. Sikuijua. Badala ya kuuliza, nikatunga. Niliwaambia kwamba gavana wa wakoloni alilala katika nyumba ile akienda kuwinda simba, na mpishi wake akamwandalia bata. Huyo bata nilimwongeza palepale, maana niliona watu wanasikiliza vizuri.

Nyuma ya kundi alikuwepo bibi mzee tuliyemwita Shosho Nyakio, mama mzazi wa mwenyekiti wa kamati. Hakunikatiza. Alingoja nimalize, akanishika mkono kama anayetaka kusaidiwa kutembea, akauliza polepole, "Mwalimu, huyo gavana ulimwona wewe?"

Nikasema hapana.

"Mimi nilikuwa hapa, na sikumwona."

Akatuingiza ndani. Alituonyesha ukuta uliojaa moshi, pale wachumaji kahawa walipopikia uji, na vigingi walivyotundikia shuka za kubebea watoto. Mvua ikinyesha, alisema, akina mama wote walikimbilia humo wakaimba, hata nyapara akasahau kuwafukuza. Kisha akasimama chini ya dirisha, akamwita mwanawe, mtu mzito wa suti na tai.

"Njoo hapa, Kamau. Hapa ndipo ulipozaliwa. Asubuhi nilichuma debe mbili, mchana nikakupata wewe."

Watu walicheka, na mwenyekiti akacheka kuliko wote huku akijifuta machozi. Alijua alizaliwa shambani. Mahali penyewe hakuwahi kuonyeshwa. Juma lilelile kamati ikabadili shauri. Lango lilijengwa kwa matofali, na nyumba ikaezekwa upya. Leo ndiyo maktaba ya shule.

Nilipokwenda kuomba msamaha, Shosho alinimiminia chai kwanza. Halafu akasema, "Najua hukuwa na nia mbaya. Ila uliona sisi hatutoshi kuwa historia."

Chai ile niliinywa nikiangalia chini.

Basi, mwanangu, wewe unayeishi kwenye nyumba mpya za mitaa ya Kimbo na Gatongora, ukikuta jengo kuukuu usiharakishe kulitafutia mtu mkubwa. Mtafute aliyepika humo, aliyefagia, aliyebeba mawe, umuulize angali hai. Na usipojua, sema hujui, hakuna atakayekupiga.

Mungu akupe masikio yenye subira, na wazee wasiochoka kukusimulia. Na watoto wako wakiuliza walikotoka, akujalie uwe na mlango wa kuwafungulia.