Kamera Iliyochaguliwa na Chama

Dada yangu Marion alitaka kitu kimoja tu: picha ya mama yetu akicheka. Mama hucheka na mabega yote, hasa jioni akiwa jikoni kwake kule Soy, miguu ameinyoosha kando ya moto. Lakini picha pekee aliyo nayo ni ya kitambulisho, na humo anafanana na mtu aliyekamatwa. Marion alijaribu kwa simu ikamshinda. Jiko lile lina giza na moshi, picha zikitoka unaona macho mawili na sufuria.

Basi akaamua kununua kamera ya SLR, ya kubadilisha lenzi, ile ya wanaoanza, ndogo, yenye lenzi fupi inayofaa gizani. Atembee nayo kila siku, aende nayo Soy kila Jumamosi, mpaka Mama aizoee na kuisahau. Alikuwa amewaza vizuri. Kosa lake ni kuinunua kupitia chama.

Katika chama chao cha kuchangiana pesa kwa zamu, cha walimu na akina mama wa soko hapa Eldoret, zamu yako ikifika hupewi pesa mkononi, eti utazila. Wanaandamana nawe dukani mpaka kitu kinunuliwe, kisha mnapigwa picha mkiwa mmekishika. Kwa tangi la maji, utaratibu huo ni mzuri sana. Kwa kamera ni upuuzi, na nilisema hivyo, na hakuna aliyenisikiza.

Dukani tulienda na Nduta, mwenyekiti, na Brenda, mweka hazina. Muuzaji, Elphas, alimsikiliza Marion kwa makini, kisha akatoa kamera ndogo iliyokaa vizuri mkononi.

“Madam, kwa kazi ya kila siku hii inatosha. Hata kwa giza inashika poa.”

Nduta akaigeuzageuza kama anayekagua kitunguu. “Hii ndio camera? Marion, chama haiwezi kununua kitu watu watadhani ni ya mtoto. Hebu toa ile kubwa. Na ile lens ndefu.”

“Mwenyekiti, hiyo ni ya kupiga wakimbiaji wa Kaptagat wakiwa mbali,” Marion akasema. “Mimi nataka kupiga Mama jikoni.”

“Si utasonga nyuma kidogo?” Brenda akauliza.

Elphas akaangalia aliyeshika pochi ni nani, akageuza maneno palepale. “Actually madam, hiyo kubwa uta-grow nayo.” Nilitamani kumzaba kofi. Marion, ambaye hunyamazisha darasa zima kwa jicho moja, alinyamaza yeye. Angebishana, zamu ingepewa mwingine. Tukapigwa picha.

Jumamosi tukaenda Soy. Mama alikuwa jikoni, anacheka jambo aliloambiwa na jirani. Marion akainua lile dude. Likakataa kuona karibu. Akarudi nyuma mpaka mlangoni, akarudi mpaka uani karibu na ng'ombe, na bado lenzi ilikuwa inachukua pua peke yake. Kufikia hapo kicheko kilikuwa kimeisha. Mama akasimama, akaingia chumbani.

Alitoka amevaa gauni la kanisani na kitambaa cheupe, akaketi uani.

“Marion,” akasema, “ile siku tulienda hospitali, daktari alikuita kando. Alikuambia nini?”

“Upunguze chumvi, Mama. Ni hiyo tu.”

“Mzee Kimeli wa hapo ng'ambo pia aliletewa kamera kubwa namna hii. Watoto wake wakasema ni picha tu. Mwezi haukuisha, hiyo picha ikawa mbele ya programu ya mazishi.”

Marion akaapa kwamba hakuna ugonjwa wowote. Nami nikaapa. Tulivyozidi kuapa ndivyo alivyozidi kutuangalia kwa huruma, kana kwamba wagonjwa ni sisi. Nilikasirika mpaka nikataka kulia, na Nduta sijamsamehe mpaka leo.

“Piga basi,” Mama akasema, akinyoosha kola. “Lakini chukua ile sitaonekana nimeogopa.”

Marion akapiga nyingi. Katika zote, ameogopa.