Mgeni wa Miaka Thelathini

Barua tuliyowapelekea wakubwa waliokuwa wakiitengeneza upya katiba haijajibiwa mpaka leo. Sina tena kinyongo nayo. Wangekuwa watu wa kujibu barua za kina mama, tusingekuwa na haja ya kuiandika. Ninachokikumbuka kwa mapenzi ni namna tulivyozunguka nayo, mimi na Mama Mkubwa, kutoka Moroni mpaka Mutsamudu, mji wa kisiwa cha pili, mashine ya filamu tumeifukia chini ya nguo za harusi.

Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, ndiye aliyenilea. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Badjanani, Moroni, hatua chache kutoka Msikiti wa Ijumaa wa zamani, nyumba ya mawe aliyojengewa na baba yake kabla hajaolewa, kama ada yetu inavyotaka. Kwetu mwanamume akioa huhamia kwa mke. Baba Mkubwa, mumewe, alikuja na sanduku moja na mswala. Alikuwa mtu wa Mutsamudu, muuza vitambaa, mpole, mpenda kahawa, na hapakuwa na siku asiyopoteza miwani yake. Nyumba ya mke, ufunguo wa mke, na kelele zote za mke. Hakuna aliyeona ajabu.

Ajabu ilikuwa ofisini. Mama Mkubwa alitaka hati ya nyumba yake ili avute umeme, na karani akamwambia amlete mkuu wa kaya. Akajibu, "Ndiye mimi." Karani akacheka, akamwita mtu wa nyuma yake. Alirudi mara ya pili, akaambiwa yaleyale. Mara ya tatu hata hakuachwa afike mezani. Alipofika nyumbani siku hiyo alipika wali ukaungua, na mtu aliyemjua Mama Mkubwa angejua hapo kwamba jambo limemfika.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana, wa hasira za karibu. Tulikuwa wanawake saba tuliokutana kwa kisingizio cha kushona. Zilikuwa siku za mamluki, wale askari wazungu wa kukodiwa ambao kila mtu aliwajua na hakuna aliyewataja kwa sauti. Mkutano ulitaka ruhusa, na ruhusa haikutoka. Lakini nani atawazuia wanawake wasiende harusini? Mmoja wetu alikuwa na kaka Marseille, akatuletea kamera ndogo ya filamu na mashine yake ya kuonyeshea. Tukajifunza kwa kuharibu. Tulipiga picha za wanawake wakibeba mchanga ufukwe wa Itsandra, wanawake wakisomba mawe meusi ya kujengea, foleni ya ndoo kwenye birika la maji. Mwisho tukampiga Mama Mkubwa akiwa mlangoni pake, anahadithia habari ya ofisini.

Filamu yenyewe ilikuwa bubu. Mdomo wa mtu unaonekana unakwenda, neno halisikiki. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya shuka jeupe na kuwasemea wote. Nilikariri maneno ya Mama Mkubwa mpaka nikayapatia kwa pumzi zake. Pale alipoelekeza kidole ndani ya nyumba, mimi nilisema, "Karani ananiambia nimlete mwenye nyumba. Mwenye nyumba gani? Yule aliyemo ndani ni mgeni wangu. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi huyu nimemtunza miaka thelathini, na jembe sijampa." Kila tulipoonyesha, wanawake walicheka hadi wakashikana mabega. Baada ya kicheko nilisoma barua. Ilikuwa na ombi moja tu: mwanamke na mwanamume wawe sawa mbele ya sheria, na jambo hilo liandikwe ndani ya katiba, lisiachiwe ada peke yake. Aliyekubali alitia dole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Wengi walikuwa wamejipaka msindzano usoni, ile liwa ya msandali, na barua ikajaa alama za buluu zenye ukungu wa njano.

Mama Mkubwa hakutia dole.

"Uso wangu nimewapa," aliniambia. "Maneno yangu nimewapa. Dole sitii. Mtu haombi kilicho chake."

"Basi twende ofisini ukawaambie hivyo."

Alinirushia kandambili. Tulilumbana juu ya dole lile kwa miezi. Nilimwona mkaidi. Kwa kweli iliniuma: watu wa mbali walikuwa wakitia dole kwa ajili ya hadithi yake, na yeye mwenyewe ananitazama kama mtoto anayecheza na wino.

Ikaamuliwa twende Mutsamudu, ili barua isije ikaitwa umbea wa Moroni. Nyumba tuliyopata ilikuwa ya dada yake Baba Mkubwa. Hapo Mama Mkubwa akanishika mkono. "Kule utaliruka lile neno la mgeni. Wifi yangu atasikia nimemdhalilisha kaka yake. Na yeye mwenyewe asijue kabisa. Nimemwambia tunakwenda harusini." Nikaahidi, ingawa niliona tunaing'oa filamu jino lake la mbele.

Bandarini askari mmoja alituamuru tufungue sanduku. Nyuma yake mzungu mwenye miwani myeusi alikuwa akivuta sigara, hatutazami. Askari alitia mkono chini ya nguo, akagusa chuma.

"Bweni," akamwita kwa heshima, "hiki nini?"

"Cherehani," akasema Mama Mkubwa. "Na hizo ni nguo za bibi harusi. Mkono wako umeunawa?"

Askari alitoa mkono upesi kama aliyeungua. Mama Mkubwa alilifunga sanduku polepole, akamtakia salama yeye na mama yake.

Jioni wanawake wa Mutsamudu hawakuweza kutoka, kwa ajili ya doria. Tukapatana tuonyeshe alasiri, kati ya sala na sala. Lakini alasiri ina jua, na picha yetu ilitaka giza. Wifi alilimaliza jambo hilo bila maneno mengi. Kila mwanamke aliyeingia alivua shiromani yake, lile vazi la kujifunika wanalotokea nalo nje, nayo ikatundikwa dirishani. Shiromani moja, mbili, nne, mpaka chumba kikawa giza la kutosha na joto la kutosha kuivisha mkate. Alikuwepo mmoja aliyekumbuka katikati ya picha kwamba ameacha chungu motoni, akasimama kuchukua yake. Mwenzake akamvuta chini. "Ukiitoa, umetuchukulia giza letu sote. Acha kiungue." Akakaa.

Mimi nilisema kwa Kingazija, lugha ya kisiwa chetu, na Wifi akawarudia wazee kwa lugha ya kwao. Tulikuwa tumefika kwenye birika la maji mlango ulipogongwa. Chumba kizima kiliganda. Kila mmoja wetu aliwaza askari.

"Nani?" akauliza Wifi.

"Mimi, kaka yako. Mke wangu yupo? Kasahau dawa yake ya presha."

Alikuwa amepanda boti ya mizigo iliyofuata, mtu ambaye baharini hutapika tangu nanga inapong'olewa, kwa ajili ya chupa ya vidonge. Nilisikia Mama Mkubwa akivuta pumzi gizani. Wifi alisema kwa upenyo wa mlango kwamba ndani mna wanawake wasiojifunika, akae kwenye benchi la ukumbini, asubiri. Baba Mkubwa akakaa. Ile nayo ilikuwa nyumba ya dada yake, si yake. Mwanamume wa kwetu ana pa kulala kila mji, na pa kuamrisha hana.

Mashine haikusimama. Ukutani akatokea Mama Mkubwa, mkubwa kuliko mlango, akielekeza kidole ndani. Mume yuko nyuma ya ubao wa mlango, hatua tano kutoka kwangu. Nikasema, "Karani alikataa kumpa hati," kisha nikanyamaza kama nilivyoahidi.

Lakini mdomo ukutani ukaendelea kwenda. Ulikwenda, ukacheka, ukatikisa kichwa.

"Mbona yeye anasema na wewe umenyamaza?" akauliza bibi mmoja wa mbele.

"Anasema alikataliwa."

"Kwa kukataliwa ndiyo anacheka hivyo? Mwalimu, unatuficha."

Wakaanza kunung'unika. Nilijua nikisema namvunjia mama yangu nyumba, na nisiposema hakuna atakayetia dole, maana nani anamwamini mtu aliyekamatwa akificha neno?

Mama Mkubwa akasimama. Nilimjua kwa kivuli chake. Akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya kuitia watu chakula, "Nasema hivi: aliyemo ndani ni mgeni wangu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi huyu nimemtunza miaka thelathini, na jembe sijampa."

Hakuna aliyecheka. Wifi hakurudia kwa lugha yake, na hapakuwa na haja. Wote walitazama mlangoni.

Kutoka ukumbini sauti ya Baba Mkubwa ikaja, taratibu. "Na hata hilo jembe lenyewe ni lake."

Wifi ndiye aliyeanza kucheka, akafuatiwa na chumba kizima. Shiromani moja ilianguka dirishani, jua likaingia, na Mama Mkubwa wa ukutani akafutika, akabaki yule wa kweli, anafuta machozi kwa ncha ya leso. Walitia dole wote siku ile, hata mwenye chungu. Nilimpelekea na Mama Mkubwa wino. Akausukuma kando, akaenda kunywa dawa yake.

Wiki tuliyorudi Moroni, Baba Mkubwa alivaa joho na kofia yake ya Ijumaa siku ya Jumatatu, akamwambia mkewe wafuatane. Nami nikaenda. Karani alikuwa yuleyule. Alipomwona Baba Mkubwa alisimama, akamwamkia kwa heshima, "Kwezi," akamvutia kiti. Mama Mkubwa alibaki wima.

"Nyumba ni ya huyu," akasema Baba Mkubwa. "Mimi ni mgeni wake. Andika jina lake."

Karani alicheka, akaona Baba Mkubwa hacheki, akaandika. Haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Nilidhani tutarudi kwa vigelegele. Mama Mkubwa alitangulia kwenye vichochoro bila kugeuka, na Baba Mkubwa nyuma yake kabeba hati kwa mikono miwili. Nyumbani Mama Mkubwa alikaa ukumbini, hata buibui hakuvua.

"Mara tatu," akasema, "nimekwenda mara tatu kusema neno hilohilo."

"Lakini leo umeipata, mke wangu."

"Nimeipata kwa mdomo wako." Hakuwa na ukali. Alimtazama kwa huruma, nadhani, na hilo lilinichoma kuliko ukali. "Na siku Mungu akiufumba mdomo wako? Na huyu mtoto asiyekuwa na mume, aende na mdomo wa nani?"

Baba Mkubwa alitafuta miwani yake, ambayo alikuwa ameivaa.

"Lete ile barua," Mama Mkubwa akaniambia.

Nilikimbia chumbani. Niliporudi na karatasi na wino, Baba Mkubwa alikuwa akiuliza kama na yeye anaweza kutia lake.

"Wewe umekwisha kusema," Mama Mkubwa akamwambia. "Leo nishikie karatasi isitikisike."

Akaishika kwa mikono miwili, na Mama Mkubwa akatia dole.